Afya ya Jamii Si Kimbilio la Aliyekosa Udaktari

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likifunguliwa, huwa napokea swali moja kutoka kwa wazazi wengi. Mtoto kasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kafaulu vizuri, ila ushindani wa udaktari umemshinda. Kachaguliwa Sayansi ya Afya ya Mazingira, tawi mojawapo la afya ya jamii. Mzazi anauliza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Mwalimu, hakuna namna ya kumhamisha?"

Swali hili linanigusa kwa sababu wengi wanaoliuliza wanatoka kaya ambazo mtoto hawezi kufika chuo bila mkopo au ufadhili. Mtoto wa mwenye uwezo akichagua kozi asiyoitaka, mwaka unaofuata anaanza upya. Mtoto wa mkulima wa muhogo au wa mama muuza dagaa hapati nafasi ya pili kirahisi, kwa kuwa fedha yake imehesabiwa kwa miaka ya kozi na kila mwaka una kazi yake. Anastahili kuelezwa kinagaubaga taaluma hii ni nini, inaingiwa kwa mlango gani, inalipiwa na nani, na akimaliza anakwenda wapi. Nitaeleza yote manne kwa mfano wa Tanzania. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: afya ya jamii ni taaluma kamili, yenye hesabu zake na sheria zake, na kijana aliyekulia kwenye shida anaingia humo na mtaji ambao wengine itabidi waufundishwe.

Mgonjwa wake ni kata nzima

Daktari humhudumia mtu aliyefika mbele yake. Mtaalamu wa afya ya jamii huhudumia watu ambao wengi wao hawajaugua na hawatamjua kwa jina. Mtaani tunamwita bwana afya au bibi afya. Kwenye orodha ya mishahara ni afisa afya wa mazingira. Ndiye anayekagua maji, vyoo, masoko, mabucha, mabanda ya mama lishe, gesti na viwanda. Ndiye anayepita na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakati wa kampeni ya chanjo. Ukivuka mpaka wa Namanga, Sirari au Mutukula, yule anayepima joto la abiria na kuangalia cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni wa ukoo huohuo wa kazi.

Nchi hii ina historia nzuri ya kazi hiyo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Hakuna hospitali ambayo ingeweza kuhudumia watu milioni mbili kwa wiki chache. Redio, vikundi na majembe viliwafikia.

Na ukitaka mfano wa juzi, uko Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Marburg ni ndugu wa Ebola. Haukuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Watu tisa waliugua, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Madaktari na wauguzi walipigania uhai wa wagonjwa. Ila kilichouzuia ugonjwa usienee ni kazi ya nje ya wodi: kumtafuta kila aliyetangamana na mgonjwa, kumfuatilia kwa siku 21, kusimamia mazishi salama bila kuwadhalilisha wafiwa, na kuzungumza na wanakijiji mpaka woga ukapungua. Pale ambapo daktari angepokea mgonjwa wa kumi, wa ishirini na wa mia, mgonjwa huyo hakupatikana. Waliofanya kazi hiyo hawakupigiwa makofi na mtu yeyote aliyeponea, kwa kuwa aliyekingwa hajui alikingwa na nini.

Harusi ya watu 120

Watu wengi hudhani afya ya jamii ni kuhimiza watu wanawe mikono. Nitaonyesha kwa mfano wa kubuni namna mtaalamu anavyofikiri, maana hapo ndipo penye elimu yenyewe.

Tuseme kumekuwa na harusi ya wageni 120. Kesho yake wageni 34 wanaharisha. Mtaa mzima unasema pilau lilikuwa na tatizo, na mpishi ameshaanza kutukanwa. Ushahidi wao unaonekana mzito: kati ya wagonjwa 34, waliokula pilau ni 31. Nani atabisha?

Bwana afya atabisha, kwa sababu hawaulizi wagonjwa peke yao. Anawatafuta na wazima. Anaandika orodha ya wageni wote: nani alikula nini, nani alikunywa nini, nani aliugua, saa ngapi. Akimaliza anagawa watu mafungu. Waliokula pilau walikuwa 110, wakaugua 31. Hiyo ni asilimia 28. Ambao hawakula pilau walikuwa 10, wakaugua watatu, asilimia 30. Yaani aliyekula na asiyekula waliugua karibu sawa. Pilau linaonekana kila mahali kwenye orodha ya wagonjwa kwa sababu tu karibu kila mgeni alilila.

Anageukia juisi ya ukwaju iliyotiwa barafu. Waliokunywa ni 80, wakaugua 32, asilimia 40. Wasiokunywa ni 40, wakaugua wawili, asilimia 5. Gawa 40 kwa 5, unapata nane. Aliyekunywa juisi alikuwa katika hatari mara nane ya yule ambaye hakuinywa. Mpishi wa pilau amesafishwa na hesabu ya kugawanya ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Hajamaliza. Wale wawili walioharisha bila kunywa juisi anawarudia: huenda mmoja alisahau, mwingine alitia barafu ileile kwenye maji yake. Kisha anafuata barafu ilikotoka. Anachota maji ya pale barafu inapogandishiwa, anayaweka kwenye kichupa kidogo na kutumbukiza kidonge kiitwacho DPD. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Kadiri yanavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi, na anaisoma kwa kulinganisha na kadi ya rangi. Maji salama ya bomba yanapomfikia mtumiaji hutakiwa kubaki na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na wakati wa mlipuko kiwango hicho hupandishwa hadi 0.5. Maji yakibaki meupe kama yalivyotoka, amepata pa kuanzia. Anachukua sampuli ya kupeleka maabara, anasimamisha uuzaji wa barafu kwa mamlaka anayopewa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na anakaa na mwenye biashara kumweleza jinsi ya kutibu maji yake ili afungue tena.

Angalia ujuzi uliotumika katika kisa kimoja: takwimu, kemia, mikrobiolojia, sheria, na ustaarabu wa kuzungumza na mtu ambaye umefunga riziki yake. Hiyo ndiyo kozi. Anayesema ni ya waliobaki hajawahi kuona mtaala wake.

Milango ya kuingilia

Kuna milango miwili mikubwa, na yote ni ya heshima.

Wa kwanza ni wa stashahada, kwa waliomaliza kidato cha nne wakiwa na ufaulu wa masomo ya sayansi, hasa Kemia na Baiolojia. Vyuo vyake vinasimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na mwanafunzi hupanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita kwa miaka mitatu. Baadhi ya vyuo vinavyofahamika zaidi viko mbali na Dar es Salaam: Ngudu kule Kwimba mkoani Mwanza, na Kagemu mjini Bukoba. Kwa kijana asiye na uwezo hilo ni jambo jema. Maisha ya Ngudu si ghali kama ya jiji, na mazingira ya kujifunzia ndiyo yaleyale atakayofanyia kazi.

Mlango wa pili ni wa shahada, kwa waliomaliza kidato cha sita au wenye stashahada yenye ufaulu mzuri. Udahili huu unaratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Chuo kikongwe zaidi ni Muhimbili, kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikasimama kuwa chuo kikuu kamili, MUHAS. Shahada ya Sayansi ya Afya ya Mazingira pale huchukua miaka mitatu. Udaktari huchukua mitano, ukiongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali. Kwa familia inayohesabu kila shilingi, tofauti ya miaka mitatu si ndogo.

Wapo wanaoingia kwa mlango wa tatu, baada ya kazi nyingine. Muuguzi, mwalimu wa baiolojia, mtu wa maabara, hata daktari, husoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Hayati Dkt. Faustine Ndugulile alikuwa daktari kabla ya kusomea afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Agosti 2024 mawaziri wa afya wa Afrika walimchagua kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani. Mauti yakamfika Novemba mwaka huohuo kabla hajashika ofisi.

Na wapo waliofika mbali bila kupita udaktari kabisa. Fredros Okumu, Mkenya, alianza na shahada ya afya ya jamii Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Akaja Taasisi ya Afya Ifakara, akachukua uzamivu London School of Hygiene and Tropical Medicine, na akawa Mkurugenzi wa Sayansi wa Ifakara. Miongoni mwa kazi zilizomtambulisha duniani ni mitego ya mbu inayotumia harufu kama ya miguu ya binadamu, iliyojaribiwa katika vijiji vya bonde la Kilombero. Mwanafunzi aliyeambiwa kozi yake haina mbele amsome mtu huyo.

Fedha: jua unachopewa

Hapa ndipo vijana wengi huumia kwa kutojua tofauti ya maneno. Mkopo unarudishwa. Ufadhili haurudishwi, ila una masharti. Asilimia fulani ya wanafunzi wetu hupata vyote kwa vipande, na ni wajibu wa mwanafunzi kujua kila shilingi iko upande gani.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Zanzibar ina bodi yake. Mkopo wa HESLB umegawanyika: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Si kila mtu hupata vyote kwa ukamilifu. Kiwango hutegemea hali ya kaya. Ndiyo maana nyaraka zina uzito kuliko maelezo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na wakala wa usajili wa vizazi na vifo, RITA. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ionyeshe hivyo. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, athibitishiwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kila mwaka yupo yatima anayekosa kwa sababu cheti kilipelekwa kuhakikiwa wiki ya mwisho. Anzeni kazi hii kijana akiwa bado kidato cha sita, si dirisha likishafunguliwa.

Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 upo pia Ufadhili wa Samia, unaowalenga waliofaulu vizuri zaidi mchepuo wa sayansi na kudahiliwa katika sayansi, uhandisi, hisabati au tiba. Huu ni ufadhili, si deni. Kuanzia mwaka 2023/2024 mikopo imefunguliwa hata kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya. Yote haya yana orodha ya kozi na masharti ya ufaulu yanayotangazwa upya. Soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, si wa kaka yako aliyemaliza mwaka juzi.

Sasa deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 800,000 unakatwa 120,000 kila mwezi hadi mkopo uishe. Afueni ilikuja mwaka 2021, serikali ilipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10, kwa hiyo deni halivimbi tena kama zamani. Lakini ni deni. Mweleze mzazi mapema kwamba mshahara wa kwanza hautakuja mzima, ili asije akadhani umembania.

Na kuna bumu, ile fedha ya kujikimu. Kwa miaka ya karibuni kiwango chake kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku. Ikiingia ya siku 60, simu inasoma 600,000, na kijana ambaye nyumbani kwao hawajawahi kushika kiasi hicho kwa mkupuo anahisi tajiri. Akitumia 15,000 kwa siku wiki mbili za kwanza, zimekwenda 210,000. Zinabaki 390,000 za siku 46, yaani chini ya 8,500 kwa siku, na hapo hajatuma chochote nyumbani. Wengi hutuma, na siwalaumu; mdogo wake amerudishwa shule kwa michango, bibi anaumwa. Ninachoshauri ni kukaa na familia mwanzoni mwa muhula na kukubaliana kiasi kimoja kinachojulikana, kisha simu za katikati zikutane na jibu ambalo wote waliliridhia. Mwanafunzi anayelala njaa mwezi wa pili hafaulu takwimu, na asipofaulu hakuna atakayemtumia mtu fedha.

Chuoni: mahali wanapokwama

Mwaka wa kwanza huleta anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, parasitolojia na sosholojia ya afya. Kijana wa shule ya kata, ambaye maabara aliiona mara chache, hukutana na hadubini na mwenzake aliyeizoea. Pengo hilo linazibika ndani ya muhula mmoja kwa anayekubali kuuliza. Tatizo ni aibu. Wengi hukaa nyuma ya darasa, hawaulizi, kwa kuhofia Kiingereza chao. Kundi la kujisomea la watu wanne au watano, wanaoelezana somo kwa Kiswahili kisha wakaandika majibu kwa Kiingereza, limewavusha wengi kuliko mihadhara ya ziada.

Kikwazo kikubwa zaidi ni takwimu. Nimesahihisha ripoti nyingi za fildi, na kosa linalojirudia ni lile la mtaa kwenye harusi yetu: mwanafunzi anahesabu wagonjwa tu, anasahau wazima. Anaandika kwamba asilimia 80 ya watoto waliougua kuhara wanatumia maji ya kisima, kisha anahitimisha kwamba kisima ndicho chanzo. Ukimuuliza watoto wazima wa kijiji hicho wanakunywa maji gani, ananyamaza. Kumbe nao kwa asilimia 80 wanakunywa ya kisima hichohicho. Anayeielewa hoja hii mwaka wa kwanza ameshika ufunguo wa kozi nzima. Anayekariri fomula bila kuielewa atafaulu mtihani na kukosea kazini.

Fildi ndiyo sehemu ambayo mwanafunzi aliyekulia kijijini hung'ara. Tunawapeleka kwenye kata kukagua kaya: kama choo kina mfuniko na kinaweza kusafishika, kama pana mahali pa kunawia, takataka zinakwenda wapi, maji yanahifadhiwa vipi. Dodoso linauliza "mna choo?" na mwenye nyumba anajibu "tunacho". Mwanafunzi wa mjini anaweka alama ya ndiyo na kuondoka. Mwenzake aliyekulia kwenye nyumba kama ile anaomba kwa adabu aonyeshwe, anakuta nyasi zimeota mlangoni na utando wa buibui, naye anajua choo hicho kinatunzwa kwa ajili ya mkaguzi. Anajua pia kwa nini: pengine mkwe na baba mkwe hawawezi kutumia choo kimoja, pengine udongo ni kichanga na shimo lilishabomoka na mtoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ufahamu huo hauuzwi dukani, na kampeni yoyote ya vyoo isiyoupata itajenga vyoo ambavyo watu hawaviingii.

Kwa hiyo namsihi kila mwanafunzi wa mkopo au ufadhili asiufiche ukoo wake. Aandike anachokijua, akipime kwa takwimu, akitetee kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho. Utafiti huo una sheria zake pia: kibali cha maadili kabla ya kuanza, ridhaa ya kila unayemhoji, na siri ya majibu yake. Mtu aliyekueleza kwamba nyumba yake haina choo amekuamini. Jina lake halipaswi kufika kwa mtendaji wa kata kupitia daftari lako.

Baada ya joho

Ukihitimu hujawa tayari kufanya kazi kisheria. Taaluma hii ina baraza lake la usajili, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na usajili ndio unaotofautisha mtaalamu na kishoka. Kamilisha hilo kwanza, hata kama ajira haijaonekana.

Ajira za serikali hutangazwa kupitia TAMISEMI na Sekretarieti ya Ajira, na nafasi huwa chache kuliko waombaji. Nasema hivi ili kijana ajipange, asikate tamaa. Wapo waajiri wengine: mamlaka za maji, migodi, viwanda vya chakula na vinywaji, bandari na viwanja vya ndege, mashirika yasiyo ya kiserikali, na taasisi za utafiti kama NIMR na Ifakara. Anayesubiri asikae nyumbani mikono mitupu. Akijitolea kwenye kituo cha afya, aombe kufundishwa MTUHA, vile vitabu ambamo kila mgonjwa, kila chanjo na kila mzazi huandikwa, na aelewe jinsi takwimu zake zinavyoingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Anayeweza kuangalia takwimu za zahanati kumi na kusema "kijiji hiki kuna jambo, wagonjwa wa kuhara wameongezeka maradufu wiki hii" ana ujuzi ambao kila halmashauri na kila mradi unauhitaji.

Miaka michache kazini hufungua uzamili, na ngazi hii ina wafadhili wengi kuliko shahada ya kwanza: Jumuiya ya Madola na Chevening kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani, Fulbright kwa Marekani. Wote huuliza swali moja kwa maneno tofauti: umefanya nini na utarudi kufanya nini? Aliyekaa kwenye kata ana jibu. Na asiyetaka kwenda mbali ana Muhimbili, pamoja na mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani ya miaka miwili, ambako mwanafunzi hutumia muda mwingi kuchunguza milipuko halisi kuliko kukaa darasani.

Kilichobaki ni wajibu wetu

Kijana amefanya sehemu yake anaposoma na kurudisha mkopo. Wazazi na walimu wa sekondari nasi tuna yetu. Walimu wa Baiolojia wamwalike afisa afya wa kata aje aeleze kazi yake kabla wanafunzi hawajajaza machaguo, ili kozi hii ichaguliwe na anayeitaka. Wazazi waache kutoa pole pale ambapo mtoto amepata nafasi. Kijana anayeingia darasani akiamini ameshindwa huanza kusoma nusu moyo, na takwimu haisomeki nusu moyo.

Sehemu kubwa zaidi iko kwa serikali na halmashauri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na afisa afya ndiye mziba ufa. Kumsomesha kwa fedha ya umma kisha kumwacha asubiri ajira mwaka wa pili na wa tatu ni hasara mara mbili: fedha imeshatumika, na kata bado haina mtu wa kupima maji yake. Kila bajeti ya halmashauri inapopitishwa, madiwani waulize swali moja lenye jibu la namba: tuna kata ngapi, na ngapi kati ya hizo zina afisa afya aliyesajiliwa? Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo idadi ya vijana wa kuajiri, na wengi wao tumeshawalipia masomo.